Tabibu Aliyetoka Mto Niger: Maisha ya Adrian Atiman wa Karema

(Mada iliyotolewa Kasekese mbele ya wazee wa kanisa, umoja wa wanawake, vijana na wanakwaya katika adhimisho la miaka mia moja ya usharika)



Vitabu vya jubilei kwa desturi hujazwa na majina ya waanzilishi, picha za wachungaji mbele ya majengo na hesabu za waliobatizwa. Hayo ni mema na yana mahali pake katika kitabu hiki. Lakini imeombwa kwamba vijana waelezwe pia habari za mtu mmoja aliyeishi katika nchi hii, ambaye aliyopitia hayakupitiwa na wengi chini ya jua. Mtu huyo hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mkatoliki, katekista na tabibu, na jina lake Adrian Atiman. Asiyependa kusikia Mkatoliki akisifiwa katika kitabu cha Walutheri na akumbuke kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Akumbuke vilevile kwamba hospitali za makanisa katika Tanzania zinatetewa na tume moja ya Wakristo wote tangu mwaka 1992. Tena Kasekese na Karema ni kata za wilaya moja. Mtu akilala Karema, watu wa Kasekese hawawezi kusema amelala ugenini.

Atiman alizaliwa katikati ya miaka ya 1860 kwenye kijiji cha Tindirma, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Mwaka kamili hakuujua yeye wala wazazi wake hawakuuandika. Kutoka Timbuktu hadi Karema, hata kama mtu angeruka kama ndege kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 4,000. Naye hakuruka. Alipelekwa kaskazini kwanza, akavuka jangwa, akavuka bahari, akasoma kisiwani, akashuka Zanzibar, akatembea kwa miguu kuvuka Tanganyika nzima kutoka pwani hadi ziwani. Anayetazama ramani ataona kwamba mtoto huyu alilizunguka bara la Afrika karibu nusu yake, na mwanzo wa safari hiyo hakuuchagua.

Mwanzo wenyewe ulikuwa hivi. Alikuwa angali mtoto wa kucheza na wenzake. Watuareg, watu wa jangwani waliofunika nyuso, walimkamata na kumchukua. Hakukuwa na vita siku hiyo, wala deni la baba yake, wala kosa lolote. Mtoto aliondoka nyumbani asubuhi kama watoto wote, na jioni hakurudi. Msafara ulimpeleka kaskazini kupitia Sahara, akauzwa kama mzigo wa chumvi unavyouzwa, hata akafika kusini mwa Algeria. Huko wamisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika wakamkomboa kwa fedha.

Shirika hilo liliundwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Watu waliwaita Mapadre Weupe. Wengi hudhani ni kwa sababu ya ngozi zao, lakini jina lilitokana na kanzu zao nyeupe walizovaa kwa mfano wa wenyeji wa Algeria. Katika miaka hiyohiyo shirika lilitamani sana kufika Timbuktu, na mwaka 1876 mapadre watatu waliojaribu safari hiyo waliuawa jangwani. Njia iliyowashinda watu wazima wenye viongozi na ngamia, mtoto Atiman alikuwa ameipita akiwa mali ya mtu.

Hapa inafaa msomaji asipite haraka. Neno "kukomboa" ni tamu masikioni mwa Mkristo, kwa kuwa ndilo neno tunaloimbia Ijumaa Kuu. Lakini katika soko la watumwa, kukomboa na kununua vilifanana kwa nje: fedha ilitoka mkono huu ikaingia mkono ule, na muuzaji akaondoka na faida. Hata wakati ule walikuwapo waliouliza kama fedha za misheni hazikuwa zikimtia moyo mwizi wa watoto aende kuiba wengine. Swali hilo lilikuwa la haki, na halijibiki kwa kuonyesha mtoto mmoja aliyeokoka. Ila kwa mtoto mwenyewe tofauti ilikuwa kubwa. Upande mmoja palikuwa na kazi ya utumwa mpaka kufa, na upande wa pili palikuwa na shule. Wala hakuulizwa. Baada ya kukombolewa hakurudishwa Tindirma, na pengine hakuna mtu ambaye angeweza kumrudisha. Alipelekwa Algiers, akafundishwa kusoma, akafundishwa dini, akabatizwa, na jina la Adrian likaja mbele ya jina la nyumbani. Ni jambo la kushukuru kwamba jina la nyumbani halikufutwa. Wengi walionunuliwa utotoni walipoteza hata hilo.

Lavigerie alikuwa na fikra ambayo kwa siku zile ilikuwa ya ujasiri. Aliona kwamba wamisionari kutoka Ulaya wanakufa upesi kwa homa, na kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika. Akaona pia kwamba mhubiri mwenye dawa atasikilizwa mahali ambapo mhubiri mwenye kitabu peke yake atafukuzwa. Basi mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta, akawapeleka huko vijana waliokombolewa utumwani, ili wasome utabibu katika Chuo Kikuu cha kisiwa kile. Atiman alikuwa mmoja wao, akamaliza mwaka 1888. Mwaka huo kijana wa Kiafrika aliyesoma utabibu katika chuo kikuu alikuwa kitu cha nadra mno. Katika Afrika Mashariki hospitali zenyewe zilikuwa bado za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hata hivyo fikra hiyo ilikuwa na kasoro yake, na haifai kufunikwa kwa sababu tu ni siku ya sherehe. Lavigerie alitaka tabibu hawa wabaki Waafrika katika mavazi, chakula na maisha yao yote, wasije wakajiona Wazungu. Nia yake ilikuwa wasitengwe na watu watakaowahudumia. Lakini Mwafrika gani? Mtoto wa Niger na mtoto wa Ziwa Tanganyika hawakuwa na lugha moja, wala mlo mmoja, wala desturi moja ya kumzika marehemu. Machoni pa mpangaji aliyeketi Algiers wote walikuwa "watu wa Afrika", na aliyetekwa magharibi aliweza kupelekwa mashariki akaambiwa sasa yuko kwao. Pia tabibu hawa walipangiwa kuwa makatekista, chini ya mapadre, kwa maisha ya kiasi. Elimu ya daktari waliipata, lakini heshima na malipo ya daktari wa Ulaya havikuwa katika mpango. Sisi Walutheri tusicheke. Wainjilisti wetu walioanzisha mitaa kwa miguu na njaa wanajua habari hiyo vizuri.

Mwaka 1888 Atiman alisafiri kwa meli hadi Zanzibar, akaingia bara pamoja na msafara wa wamisionari. Ulikuwa mwaka uleule ambao pwani ilichafuka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na mwaka uleule ambao Lavigerie alizunguka Paris na London akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Kutoka Bagamoyo hadi Karema ni zaidi ya kilometa 900 hata kwa mstari ulionyooka, na njia ya misafara haikunyooka. Barabara haikuwapo wala reli. Barabara yenyewe ilikuwa nyayo za wapagazi na, kwa masikitiko makubwa, nyayo za watumwa waliokuwa wakishushwa pwani. Kijana aliyewahi kutembezwa jangwani akiwa mtumwa alipanda njia ya watumwa kwa kuelekea kinyume chake, akiwa na sanduku la dawa. Alifika Karema mwaka 1889.

Karema ya wakati huo ilikuwa boma lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kwa ajili ya mipango ya Mfalme Leopold. Mwaka 1885 lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kuta zake nene zilijengwa kwa sababu, kwa kuwa ziwa lilikuwa njia ya wafanya biashara wa pembe na watu. Upande wa pili wa maji, katika Kongo, vijiji vilikuwa vikichomwa, na mitumbwi ilivuka ikiwa imejaa. Watoto waliokombolewa walikuwa wakilelewa katika misheni kwa makumi. Basi fikirini tabibu huyo asubuhi yake ya kwanza. Wagonjwa wake walikuwa watoto wenye makovu ya kamba shingoni na vidonda vya safari miguuni. Hakuna kitabu cha Malta kilichomfundisha vidonda vile vinauma namna gani. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka yule binti mdogo wa Israeli aliyetekwa na majeshi ya Shamu, akamtumikia mke wa Naamani. Jina lake halikuandikwa, lakini ndiye aliyeonyesha njia ya kuponywa kwa bwana wake mwenye ukoma. Wahubiri wengi humpita mbio ili wafike kwa Elisha na Yordani. Lakini mateka ndiye aliyejua dawa iko wapi. Atiman alipata neema ambayo binti yule hakuipata: jina lake limeandikwa, na aliandika mwenyewe. Habari za maisha yake, kwa maneno yake, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jambo hilo si dogo. Katika pande hizi za ziwa ziko koo ambazo hata leo hazipendi kuulizwa bibi alitoka wapi. Aliyeletwa kwa kamba alifundishwa kusema kwamba yeye ni wa hapa tangu mwanzo, na watoto wake wakafundishwa kutouliza. Utumwa uliisha kisheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu, na aibu yake haikufutwa kwa sheria. Mzee aliyekaa chini akaeleza wazi, "niliibwa, niliuzwa", akiwa mtu wa heshima aliyejulikana ziwa zima, alifanya tendo ambalo wachache walilithubutu.

Alifanya kazi Karema kwa miaka 67. Hesabu hiyo inafaa kurudiwa polepole: kutoka 1889 hadi 1956. Aliingia kabla Wajerumani hawajashika utawala wa kweli ziwani, akawaona wakija, akawaona wakiondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, akaishi chini ya Waingereza, akafa miaka mitano kabla ya uhuru. Alipoanza, sayansi ilikuwa imeshaona kijidudu cha malaria katika damu, kwani daktari Mfaransa Laveran alikigundua mwaka 1880 hukohuko Algeria, lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mbu ndiye anayekibeba. Hilo lilijulikana mwaka 1897. Picha za eksirei zilikuwa bado. Penisilini ingekuja miaka zaidi ya hamsini baadaye. Tabibu wa 1889 alikuwa na kwinini, dawa za kusafishia vidonda, kisu, uzi na moyo wa kukesha.

Na maradhi hayakusubiri sayansi. Ndui ilipita. Funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika hadi magharibi mwa Afrika kisha akalivuka bara kwa miguu ya wapagazi, alifika na kuwalemaza watu ambao hawakujua namna ya kumtoa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na wanyama wa porini, njaa ikafuata. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliingia kandokando ya ziwa, serikali ya Kijerumani ikalazimika kuanzisha kampeni maalumu ya kuyazuia. Mwambao wetu ulipungukiwa watu. Madaktari wa serikali walikuja wakahamishwa, mapadre walikuja wakafa au wakarudi kwao kupumzika. Atiman hakuwa na kwao pa kurudi kupumzika. Labda ndiyo maana hakuondoka, ingawa haifai kumpunguzia sifa kwa kusema alibaki kwa kukosa njia. Mtu mwenye ujuzi wake angeweza kutafuta mji mkubwa.

Alioa Karema. Mkewe, Agnes Wansahira, alikuwa binti wa mtemi wa Kibende. Katika habari zote za maisha haya hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote, ingawa waandishi huipitia kwa mstari mmoja. Mtemi hampi binti yake mtu asiye na ukoo. Mtu aliyekombolewa, asiye na baba wala mjomba wa kumleta posa, asiye na kaburi la babu hata moja katika nchi nzima, kwa mila za wakati ule alikuwa chini ya mtu. Kwa ndoa ile watoto wake walipata wajomba, na kwa wajomba wakapata nchi. Chuo Kikuu kilimpa utabibu, Wabende wakampa ukoo. Mtoto wao Joseph akawa padre.

Habari hii haiko mbali na Kasekese kama inavyodhaniwa. Katika wilaya hiihii liko Mishamo, na karibu na Mpanda liko Katumba. Mwaka 1972 mauaji makubwa katika Burundi yaliwavusha makumi ya maelfu ya watu wakaingia Tanzania. Katumba ilianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu. Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi, TCRS, iliyoundwa na Fungamano la Kilutheri mwaka 1964, ndiyo iliyofanya kazi ya kufyeka pori, kuchimba visima na kujenga shule na zahanati, pamoja na serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Hapo Walutheri wana sehemu yao katika historia ya mkoa huu, na ni ajabu kwamba haisemwi zaidi. Watu wale walilima mahindi, mihogo na tumbaku kwa miaka zaidi ya thelathini wakiitwa wakimbizi. Watoto waliozaliwa Mishamo, ambao hawakuwahi kuiona Burundi, waliitwa wakimbizi. Kuanzia mwaka 2007 waliulizwa wachague kurudi au kuwa raia. Wengi walichagua uraia, na zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa. Hata hivyo vyeti vilichelewa hadi Oktoba 2014, na katika miaka hiyo ya kungoja hawakujua kama wataruhusiwa kubaki kwenye mashamba yao au watatawanywa mikoani. Ni watu wachache sana duniani waliopewa uraia kwa wingi namna ile kwa mara moja. Nao wako humu, sokoni, kwaya moja, meza moja ya Bwana.

Wala hawako peke yao. Katika ibada moja ya mkoa huu wanaweza kuketi Mbende, Mtongwe, Mfipa, Muha, Msukuma aliyefuata malisho na mtu ambaye baba yake alivuka mpaka akiwa amebebwa mgongoni. Kila mmoja anajua nani alifika kwanza, na wakati wa kuchagua wazee wa kanisa jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini. Atiman alikaa Karema miaka 67, na vitabu bado humwita mtu wa Timbuktu. Watu wa Karema hawakumwita hivyo walipoumwa usiku.

Kanisa letu nalo lilipokea watu waliokombolewa. Kule Usambara, Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili inayojulikana hadi leo. Majina ya watoto wale wa kwanza yangekuwa hazina kama yangekusanywa na kuchapishwa, kila moja na kijiji chake, kwa kadiri madaftari ya zamani yanavyoruhusu. Kamati za historia za sharika hutumia miezi kutafuta mwaka ambao kengele ililetwa. Zingeweza kutumia wiki moja kuwauliza wazee wa miaka themanini bibi zao waliimba nyimbo za lugha gani.

Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, alikufa Misri akiwa mkuu, lakini aliwaapisha wana wa Israeli kwamba mifupa yake wasiiache huko. Nao wakaibeba walipotoka. Atiman hakubebwa kwenda popote. Alipokufa mwaka 1956 alizikwa Karema, kati ya watu aliowatibu, ambao wengi wao alikuwa amewapokea walipozaliwa. Kwaya ya vijana inayopanga safari ya ziwani ipite misheni kabla ya kushuka bandarini. Boma la zamani liko pale, na watu wa Karema watawaonyesha kaburi.